Ukipanga kwenda Svalbard, anza na viza halafu boti

Tangu niweke picha za safari yangu ya Svalbard ya Julai watu wengi wananiuliza namna ya kwenda, basi naandika hapa mara moja. Svalbard ni visiwa vya Norway, viko juu kabisa kwenye bahari ya barafu, nyuzi 78 kaskazini, mji wake unaitwa Longyearbyen na ukitoka hapo hakuna barabara ya kukufikisha mji mwingine, kiangazi ni boti tu.

Kwanza viza, hapa ndo wengi wanaumia. Utasikia Svalbard haidai viza na ni kweli, lakini ndege zinatokea Oslo au Tromsø, miji ya Norway bara iliyo ndani ya Schengen (zile nchi za Ulaya zenye viza moja ya pamoja), na Svalbard yenyewe haimo humo, yaani ukipanda ile ndege umeshatoka, kurudi unaingia upya. Mimi nilipewa ya kuingia mara moja, sikuisoma vizuri, nikaja kugundua nimeshalipia tiketi, ikabidi niombe nyingine na safari ikasogea wiki tatu. Omba ya kuingia mara mbili, na ukiipata isome kabla hujalipia kitu chochote.

Halafu hela yako weka kwenye boti, hoteli chukua ya kawaida tu. Nilienda Poolepynten kuwaona walrasi, wanyama kama sili ila wakubwa mno na wana meno marefu kama ya tembo, wamelala wamebebana ufukweni wanakoroma, harufu yake unaipata ukiwa bado baharini. Hawa waliwindwa mpaka wakabaki wachache sana, mwaka 1952 Norway ikapiga marufuku, na sasa wanarudi. Kuwaona pale wametulia hawana hofu na mtu kulinigusa sana jamani.

Mimi nimekulia Arusha, nimezoea gari inamsogelea simba mpaka unahesabu ndevu. Kule sahau. Tangu 2025 sheria inataka ukae mita 300 kutoka kwa dubu mweupe, na kuanzia Machi mpaka mwisho wa Juni ni mita 500. Dubu wangu alikuwa doa la manjano juu ya mawe, nilipoweka darubini ndo nikamuona anageuza kichwa taratibu, machozi yakanitoka. Kwahiyo darubini nzuri ni lazima, azima hata kwa jirani. Na sheria yenyewe naiunga mkono kabisa, kwasababu kila boti ikimkimbiza anamaliza mafuta ya mwili aliyohangaika kuyapata, na barafu anayowindia sili inazidi kupungua. Usitembee nje ya mji bila mwongozaji mwenye bunduki, dubu anaweza kutokea popote.

Nguo: Julai ni nyuzi 5 mpaka 8 hivi lakini kwenye boti upepo unakata, vaa sufu ndani na jaketi lisilopitisha upepo juu. Jua halizami kuanzia karibu tarehe 20 Aprili mpaka 23 Agosti, beba kitambaa cha kufunika macho, na Waislamu wenzangu muulizeni sheikh wenu mapema mtafuata saa za mji gani, mimi nilifuata za Makka.

Kingine, buabua wa Aktiki, ndege wa baharini wa huko kaskazini. Wanataga chini kabisa pembeni ya barabara pale mjini, ukipita karibu wanakushukia kichwani na mdomo wao unakutoa damu kweli. Inua fimbo au mkono juu ya kichwa, wao wanashambulia kilicho juu zaidi, halafu pita haraka uwaachie mayai yao.