Wimbo ni wa nani? Majibu kwa wasanii wanaojitegemea

Maneno na melodi nimetunga mimi, mdundo katengeneza prodyuza. Wimbo umeanza kusikika, naye anadai nusu. Ana haki?

Huenda anayo, na hapo ndipo wengi wetu tunaumia. Ndani ya wimbo mmoja mna mali mbili. Kuna utunzi, yaani maneno na muziki wake, na kuna rekodi, yaani sauti iliyonaswa studio. Kila moja ina hakimiliki yake na mirabaha yake, yaani malipo ya wenye haki kazi inapotumika. Prodyuza aliyebuni muziki unaobeba sauti yako anaweza kuwa mtunzi mwenza. Aliyekurekodi tu na kuichanganya sauti, kwa kawaida si mtunzi. Na hata kama studio umeilipia wewe, usidhani rekodi imekuwa yako moja kwa moja: soma mlichosaini, kama mlisaini.

Kaeni chini sasa, kabla hela haijawa nyingi. Andikeni karatasi ya mgawanyo: majina halisi, nani kafanya nini, asilimia za utunzi zikijumlishwa zifike 100, kisha asilimia za rekodi kando. Tarehe, saini, kila mtu na nakala yake. Wimbo ujao, fanyeni hivyo usiku uleule mnaomaliza kurekodi, kabla hamjaagana. Nimeshuhudia urafiki wa miaka ukivunjika kwa ajili ya kiitikio kimoja, na wote wawili walikuwa watu wema.

Promota anataka nipige shoo bure, eti nitajulikana. Niende?

Muulize nani mwingine analipwa. Kama tiketi zinauzwa, fundi mitambo analipwa, na wenye ukumbi wanalipwa, basi aliyeombwa kujitolea ni wewe peke yako. Kataa kwa heshima. Shughuli ya hisani ambayo kila mtu anajitolea ni jambo jingine, na mimi huenda kwa moyo mweupe. Mkikubaliana malipo, omba sehemu itangulie kabla ya siku yenyewe.

Wimbo wangu umesikilizwa mara 700 Spotify kwa mwaka mzima na sijaona kitu. Nimeibiwa?

Hapana. Tangu 2024, Spotify hailipi mirabaha ya rekodi kwa wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12 iliyopita. Naiona sheria hii ni kali kwa anayeanza, lakini ndiyo iliyopo. Jisajili pia kwenye chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi, maana fedha za wimbo kuchezwa redioni au kumbini hupita njia nyingine kabisa. Na ukihama msambazaji, yaani kampuni inayokuwekea nyimbo Spotify na kwingineko, nenda na msimbo uleule wa ISRC, zile herufi na tarakimu 12 za rekodi yako. Ukipewa mpya, hesabu yako ya wasikilizaji inaweza kuanza upya.

Nafanya kolabo na msanii aliye mbali. Nimtumie nini?

Faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa, kila ala na kila sauti peke yake, zote zikianzia sekunde ya sifuri hata kama sauti inaingia katikati. Mwandikie kasi ya mdundo na ufunguo wa wimbo. Karatasi ya mgawanyo itangulie.

Nina shoo tatu mfululizo na sauti imeanza kukwaruza. Nanong'ona mchana kutwa ili niipumzishe.

Acha kunong'ona, kunaweza kuzichosha nyuzi za sauti kama kuongea. Nyamaza kabisa, kunywa maji siku nzima, na ushushe ufunguo wa nyimbo zile za juu. Jukwaani mwombe fundi akuongezee sauti yako kwenye spika inayokuelekea, maana mwimbaji asiyejisikia hupiga kelele bila kujua. Ukisikia maumivu, au sauti ikikatika ghafla katikati ya wimbo, ahirisha shoo inayofuata. Mkwaruzo ukizidi wiki 3, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo azitazame nyuzi zenyewe.