Usinitumie Jibu Tupu

Mwanangu,

Umeniuliza kwa nini kila ukinitumia jibu la fumbo la maneno nakurudishia swali: "Umelipataje?" Limeenea kwenye visanduku, sasa mama anataka nini tena?

Nataka njia. Chukua lile la juzi: "Samaki aliyevurugwa hutoka puani (6)." Uliandika KAMASI papo hapo, na nahisi ulibahatisha kwa sababu ya ile pua. Hebu lifumue. Ile 6 ni idadi ya herufi za jibu. "Hutoka puani" ndiyo maana ya neno linalotafutwa. "Aliyevurugwa" ni amri: herufi zilizotangulia zipange upya. S-A-M-A-K-I, zilezile sita, hakuna iliyobaki wala iliyoazimwa. Hapo ndipo mtu anapocheka peke yake, na aliyebahatisha kicheko hicho kinampita.

Tena ukieleza, unamkagua mtungaji. Kidokezo cha haki kina maana ya jibu, mwanzoni au mwishoni, na njia ya pili inayofika kwenye jibu hilohilo, mara nyingi mchezo wa herufi. Neno la kujazia nafasi halitakiwi. Kukupoteza maboya ni ruhusa, kukudanganya hapana. Waingereza wamelibishania sana jambo hili. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga kwenye gazeti la The Observer akijiita Torquemada. Aliyemrithi mwaka 1939, Derrick Macnutt, akajiita Ximenes. Yote ni majina ya wakuu wa lile baraza la Uhispania lililowatesa walioitwa wazushi, kwa hiyo wasomaji walionywa mapema! Ila huyu Ximenes ukali wake aliuelekeza zaidi kwa watungaji: kidokezo kiwe kigumu upendavyo, lakini kila neno lihesabiwe kazi yake.

Halafu macho yetu hayaoni sawa. Kwenye "Wote mbona wamemficha mnyama mkubwa? (5)" mimi nilihangaika na twiga na nyati, wewe ukaona kwamba mwisho wa "wote" unashikana na mwanzo wa "mbona". Ungeniandikia TEMBO tu, ningejaza na kusonga mbele, nisijue kwamba jibu laweza kulala katikati ya maneno mawili. Siku hizi nikiona "ficha", "ndani ya" au "sehemu ya", najua pa kupekua.

Ombi langu ni moja. Ukinitangulia, usimwage yote. Niambie kwanza maana iko upande gani. Nikizidi kunyamaza, nionyeshe neno linalotoa amri. Jibu lenyewe subiri nilidai, na nikilidai mapema mno ninyime.

La leo ni fupi, halina cha kuvuruga wala cha kuficha. Ni maana mbili zimebanana, jibu moja: "Ruka juu ya nyumba (3)." Anza na maelezo.

Mama yako