Mama ana kikohozi, mbona aulizwa miguu?

SWALI: Assalamu alaikum, Bi Tabibu. Mama yangu ana miaka 63 na anakohoa tangu kabla ya Maulidi. Kikohozi ni kikavu, na usiku humzidi. Tulitoka Matondoni kwa mashua tukampeleka kwa tabibu mmoja, kijana. Alimwuliza analala na mito mingapi, kama miguu yavimba, mara ngapi huenda msalani usiku, kama mkojo una damu, hata hedhi ilikoma lini, na kaka yangu amekaa pale pale! Mama alikasirika, akasema yeye ana kifua, si miguu, tukaondoka. Tembe zake za presha (enalapril, alianza mwaka huu) hatukuzitaja kwa kuwa hazihusiani na kifua. Je, tumtafute mwingine?
Binti wa Matondoni

JIBU: Wa alaikumu salaam, mwanangu. Mpe mama pole zangu, kisha umwambie arudi kwa kijana yule yule.

Alikuwa akitafuta kikohozi kimeanzia wapi, na si kila kikohozi huanzia mapafuni. Moyo ukichoka kusukuma damu, maji hujaa mapafuni mgonjwa alalapo chali. Ndiyo maana hukohoa usiku akaongeza mto wa pili, wa tatu, na wengine hulala wameketi. Mchana maji hayo hushukia miguuni. Mito na miguu, yote mawili yalikuwa ni kuuliza habari za moyo.

Kukojoa sana usiku, pamoja na kiu, hutufanya tushuku sukari, na mwenye sukari hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Hapo angeendelea kuuliza homa za jioni, jasho la usiku na kupungua mwili. Kina mama wetu wengi hawana mizani nyumbani, kwa hivyo mimi huwauliza kama dera limeanza kuwapwaya. Kiungulia pia huuliza, kwa kuwa asidi ya tumbo ikipanda kooni huleta kikohozi, na moshi wa kuni vilevile. Damu kwenye mkojo ni habari nyingine: huku kwetu tunafikiria kichocho, hasa kwa aliyekulia kando ya Mto Tana akioga mtoni na madimbwini.

Lakini katika barua yako, kilichonishtua ni zile tembe. Enalapril huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu, kisicho na makohozi, na chaweza kuanza wiki au miezi baada ya dawa kuanzwa. Sisemi ndicho alicho nacho mama, ila mtu anaweza kunywa chupa baada ya chupa za dawa ya kifua bila nafuu kwa sababu hakuna aliyejua anameza nini. Msimwachishe wenyewe! Presha ikipanda ni hatari kubwa zaidi. Tabibu anaweza kumbadilishia, kwa mfano losartan, na mara nyingi kikohozi huisha ndani ya wiki chache.

Basi mkirudi, tieni kila kitu ndani ya kikapu: tembe za presha, za maumivu ya magoti mnazonunua dukani (diclofenac na ibuprofen hupandisha presha na kudhuru figo), na dawa za miti shamba pia. Mwambieni tabibu kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru mama.

Kuhusu kaka yako, mama ana haki kabisa. Hakuna mwanamke wa Lamu atakayesema habari za hedhi mbele ya mwanawe wa kiume, na akisema, atasema uongo. Tabibu alipaswa kumtoa nje kwanza, na kumweleza mama kwamba atamwuliza kuanzia kichwani hadi nyayoni, na kwa nini. Mwombeni muuguzi wa kike akae nao. Swali lenyewe asilikatae, maana damu inayotoka baada ya hedhi kukoma, hata tone, yahitaji kuchunguzwa, na kina mama wengi huificha kwa haya.

Kwa kuwa kikohozi kimepita wiki mbili, ombeni pia kipimo cha kifua kikuu. Katika hospitali za serikali hakilipiwi. Na akikohoa damu, akikosa pumzi ameketi, au midomo na ulimi vikivimba, msingoje siku ya kliniki wala msingoje maji ya bahari yajae ndipo mashua itoke. Mpelekeni saa hiyo hiyo.