Zimwi la Zamani, Kiwanja Kipya: Majibu kwa Walioanza Kuitazama Alien: Earth

Maswali yamekuwa mengi kiasi kwamba siwezi tena kumjibu kila mtu peke yake. Sehemu zote nane za Alien: Earth zilitoka Marekani kati ya 12 Agosti na 23 Septemba 2025, lakini huku kwetu Kusini tamthilia hufika kwa flashi, kwa simu ya jirani na kwa kibanda umiza, na wengi wenu ndiyo kwanza mko sehemu ya pili au ya tatu. Kwa hiyo ya mbele sitayasema hata mkinibembeleza.

Kwa aliyechelewa: ni mwaka 2120, na dunia inatawaliwa na kampuni tano. Chombo kiitwacho Maginot, mali ya kampuni ya Weyland-Yutani, kinarudi kutoka safari ya miaka 65 kikiwa na viumbe hai wa aina tano waliookotwa anga za mbali. Kinaangukia katikati ya mji wa kampuni hasimu, Prodigy. Bosi wa Prodigy, kijana tajiri kupindukia, ameanza kuhamishia akili za watoto wanaokufa kwa maradhi kwenye miili ya mashine yenye umbo la watu wazima, na wa kwanza wao anaitwa Wendy. Mtunzi ni Noah Hawley, na kisa chake kimechipuka kutoka kwenye Alien, filamu ya Ridley Scott ya 1979.

Nimetazama dakika ishirini za mwanzo nikapitiwa na usingizi. Mnachokisifia ni nini? (Chikongola, Mtwara)

Dakika ishirini, ndugu yangu! Hata wali wa nazi haujakauka.

Wewe uko Mtwara, mche wa korosho wa kubebesha unaujua. Shina ni la mti mmoja, kikonyo ni cha mti mwingine, vinafungwa pamoja mpaka vishikane. Hakuna mkulima anayekwenda kuutazama kovu halijafunga akatangaza kijiji kizima kwamba haufai. Unazaa mapema kuliko mti wa mbegu, ni kweli, ila hayo mapema ni miaka miwili au mitatu. Tamthilia iliyochipuka kutoka kwenye kazi nyingine naipima hivyohivyo: je, shina limeshika? Na je, kikonyo kinatoa korosho zake chenyewe, au kinangoja sifa za shina?

Shina limeshika tangu sehemu ya kwanza. Watazame wale mabaharia wa Maginot wanavyokaa mezani, wamechoka, wanaongea mambo ya kazi kama watu wa meli yoyote ya mizigo. Hiyo ndiyo filamu ya 1979 yenyewe, ambayo iliwapenda wafanyakazi kabla ya kuwatisha. Kikonyo kilianza kunishawishi sehemu ya nne, na sehemu ya tano, inayoturudisha ndani ya Maginot kabla haijaanguka, ni saa moja ya kazi safi kuliko filamu kadhaa za ukoo huu. Udhaifu upo. Ulinzi wa ile maabara ya Prodigy kisiwani ni mbovu mno kwa kampuni yenye fedha zile, na askari wanaingia kwenye vyumba vya giza kama watu wasiowahi kusikia hatari. Hayo yaseme, nitakuunga mkono. Lakini yaseme ukiwa umetazama.

Lazima nianze na filamu zote za zamani? (Ligula)

Hapana. Ukitaka moja, tazama ya 1979. Kisa chake kinatokea mwaka 2122, miaka miwili tu baada ya hiki.

Naomba sehemu ya kuipakua bure. (Wengi, na wengi tena)

Hili nimeliulizwa hata na watu nisiowajua majina, usiku. Sina, na ningekuwa nayo nisingewapa. Ila sikilizeni jambo moja, maana limeshawaumiza watu: ukurasa unaokuahidi tamthilia ya bure kisha unakuomba namba ya simu na namba ya siri ya fedha zako haukupi tamthilia. Hakuna filamu duniani inayohitaji namba yako ya siri. Funga, futa, na umwambie na mama yako.

Mbona kompyuta za mwaka 2120 ni za kizamani, skrini nene, maandishi ya kijani? Simu yangu tu inazishinda. (Mwanafunzi, Masasi)

Swali zuri, na hukukosea kuona. Ule ndio wakati ujao kama ulivyobuniwa mwaka 1979, na tamthilia hii ipo miaka miwili nyuma ya filamu ile. Wangeweka vioo vinavyoelea hewani, dunia ya shina na ya kikonyo zingekataana. Hawley ameheshimu zile swichi, zile taa zinazowaka na kuzima, na zile korido nyembamba. Mimi nasema amefanya vema. Chombo kinachoonekana kizito na kichafu unaamini kwamba kuna watu wamefanya kazi ndani yake.

Kibandani kwetu mtafsiri alisema Wendy ni jini lililoingia mwili wa msichana. Mbona wewe unaandika vingine? (Mtama)

Kwa sababu si jini, na kosa hilo linaiua hadithi nzima.

Nisieleweke vibaya. Watafsiri wa filamu nawaheshimu kwa dhati. Wapo maelfu waliopenda filamu kwa sababu mtu mmoja mwenye kipaza sauti aliwasimulia kwa Kiswahili kilichochangamka, akawafanya wacheke na walie. Hiyo ni sanaa. Lakini mtafsiri anayepokea mzigo asubuhi na kuurekodi mchana bila kuutazama mpaka mwisho anawaibia watazamaji wake, na hadithi ya sayansi ndiyo inayoumia zaidi, maana maana yake yote imo kwenye nani ni nani.

Humu mna watu wa aina tatu waliochanganyika na mashine. Saiboji ni binadamu aliyezaliwa na mama, kisha akaongezewa viungo vya mashine, kama Morrow, yule mlinzi wa Maginot. Sinthi ni mashine tupu yenye umbo la mtu, kama Kirsh mwenye nywele nyeupe. Chotara ni akili ya binadamu ndani ya mwili wa mashine, na huyo ndiye Wendy. Ukimwita jini, umemfanya mgeni aliyevamia mwili wa mtu. Kumbe ni kinyume kabisa: ni mtoto wa watu, alikuwa anakufa, akaahidiwa kwamba hatakufa, na sasa mwili anaoutembelea ni mali ya kampuni iliyoutengeneza. Ana kaka yake, Hermit, anayeamini dada yake alishafariki. Ondoa hilo, weka jini, na machozi yote ya kisa yanakauka. Mwambieni mtafsiri wenu arudie. Atawasikia, ninyi ndio mnaolipa kiingilio.

Je, sayansi inaweza kweli kuhamisha akili ya mtu kwenda kwenye mashine? (Muuguzi, Lindi mjini)

Haiwezi, wala haijakaribia. Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86. Oktoba 2024 wanasayansi walichapisha ramani kamili ya ubongo wa nzi wa matunda aliyekomaa: seli karibu 140,000, viunganishi zaidi ya milioni 50. Ilikuwa kazi kubwa ya watu wengi kwa miaka mingi, kwa nzi! Na hiyo ni ramani tu. Ramani ya Mtwara haiuzi samaki.

Wewe muuguzi utaguswa na swali lililo nyuma ya hilo. Hata kama ingewezekana, anayeamka kwenye mwili mpya ni yule mtoto, au ni nakala inayokumbuka kuwa mtoto, wakati mtoto mwenyewe amebaki kitandani amekufa? Na ridhaa aliitoa nani? Mtoto mgonjwa wa miaka 11 au 12 hawezi kuridhia jambo la namna hiyo, na wewe unajua mzazi aliyekata tamaa anavyosaini karatasi bila kuisoma. Ile sehemu ya kwanza, pale watoto wanapolazwa wakiwa wanatabasamu, imeniumiza kuliko damu yote iliyofuata.

Mnyama wenyewe haogopeshi tena. Wameishiwa? (Mikindani)

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Zenomofu tunamjua tangu 1979: yai, kile kinachoruka usoni, kifua kinapasuka, kisha jitu jeusi lenye kinywa ndani ya kinywa. Tumemwona kwenye filamu baada ya filamu. Mwaka ule wa kwanza aliogopesha kwa sababu hakuna aliyejua nini kinafuata, na kwa sababu ya mwili aliovaa. Aliyekuwa ndani ya lile vazi kwenye matukio mengi alikuwa Mwafrika mwenzetu, Mnigeria Bolaji Badejo, mwanafunzi wa sanaa jijini London, mwenye urefu wa zaidi ya mita mbili. Wachache wanalitaja jina lake, kwa hiyo mimi nalitaja kila ninapopata nafasi.

Nakubaliana nawe kwamba hapa zenomofu anaonyeshwa mno, tena kwenye mwanga mwingi. Lakini ndiyo sababu Hawley ameleta viumbe wengine. Umeliona lile jicho? Donge la jicho lenye mboni nyingi, lina mikono kama ya pweza, linaingia kwenye tundu la jicho la kiumbe mwingine na kumwendesha kama dereva. Na linatazama. Linasikiliza watu wakizungumza. Mimi nimekua pwani, nimemwona pweza aliyewekwa kwenye ndoo akikutazama wewe na kuutazama mfuniko. Lile jicho lilinirudisha pale, na sikulala vizuri.

Usiseme pia kwamba kiumbe kutaga ndani ya kiumbe mwingine ni uongo wa filamu. Mihogo unayokula ina deni kwa kitu cha namna hiyo. Yuko nyigu mdogo kuliko punje ya mtama, hutaga yai ndani ya kidung'ata wa mihogo, na buu lake humla mwenyeji kutokea ndani. Wataalamu walimtoa Amerika Kusini wakaanza kumwachilia Afrika mwaka 1981, kwanza Nigeria, na ameokoa chakula cha mamilioni ya watu.

Kwa nini kila sehemu inamalizikia kwa magitaa ya makelele? (Shangani)

Ni roki. Punguza sauti.

Shikamoo. Mwanangu wa miaka tisa anaipenda kwa kuwa ina watoto ndani. Si haina neno? (Mama, Newala)

Marahaba, mwanangu. Ina neno, tena kubwa. Mhusika kuwa mtoto hakuifanyi hadithi kuwa ya watoto. Kuna vifua vinavyopasuka, kuna miili iliyokatwa, na kuna watu wazima wanaowadanganya watoto kwa sauti ya upole, jambo ambalo mtoto wa miaka tisa hana nguvu za kulibeba. Mzimie. Na ninyi wenye vibanda, nimewahi kuingia kibandani saa mbili usiku nikakuta safu ya mbele yote ni watoto wa shule ya msingi wamekaa kwenye mkeka, filamu ya kuchinjana ikiendelea. Shilingi chache za mtoto yule hazifai kupokelewa.

Haya ni mambo ya Wazungu na vyombo vyao vya angani. Yanatuhusu nini sisi wa Kusini? (Lindi)

Swali hili huja kila ninapoandika kuhusu hadithi za sayansi, na leo limetoka Lindi, mahali ambapo sikutarajia kabisa litoke.

Kati ya 1909 na 1913, wataalamu wa jumba la makumbusho la Berlin walichimba mifupa ya dinosaria kilimani Tendaguru, hapohapo mkoani kwenu. Vita vya Majimaji vilikuwa vimeisha miaka miwili tu nyuma, ardhi bado ina njaa na makaburi. Mamia ya wenyeji, chini ya msimamizi wao Boheti bin Amrani, walichimba, wakafunga mifupa, wakaibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa mpaka bandari ya Lindi. Zaidi ya tani 200 zikapakiwa melini. Jitu la shingo ndefu lililounganishwa kutokana na mifupa ile, lenye urefu wa mita 13 na ushee, limesimama Berlin tangu 1937. Boheti mwenyewe alingoja hadi 2007 ndipo dinosaria mmoja akapewa jina lake, Australodocus bohetii. Wabebaji wengine wengi hata majina hatuna.

Sasa irudie Maginot. Ni chombo kilichotumwa kukusanya vielelezo na kuvipeleka kwa mwenye mali. Kwenye filamu ya 1979 amri ya siri ilikuwa kiumbe kiletwe, mabaharia si hoja. Kwenye tamthilia hii Morrow, anayechezwa na Babou Ceesay mwenye asili ya Gambia, ametoa maisha yake yote kwa ajili ya mzigo ambao si wake. Mtazame uso wake anapozungumza juu ya kazi hiyo. Unaniambia haituhusu? Bibi yako alikaa kando ya njia ile waliyopitisha mifupa. Mtu wa Lindi anapaswa kuielewa Maginot kabla ya mtu wa London hajaeleweshwa.

Hadithi hizi tungetunga wenyewe kama tungeacha kuambiana si zetu. Andikeni. Nitasoma.

Msimu wa pili upo? (Kilwa Masoko)

Upo, umeshaidhinishwa. Wewe kwanza maliza wa kwanza, maana barua yako inasema uko sehemu ya pili.