Kabla hujalipia BMW 3.0 CSL: namba kwanza, kisha bodi, injini baadaye

Msomaji mmoja amenitumia tangazo la gari linalouzwa Uingereza: BMW 3.0 CSL ya 1972, usukani wa kulia, "imekarabatiwa yote", picha zinang'aa na bei ni ya kununulia nyumba. Anauliza jambo moja tu: hiyo bei ni halali? Nimemjibu kwamba bei ni swali la mwisho. La kwanza ni kama gari lenyewe ni CSL kweli. Kwa kuwa najua wengi wenu mna ndoto hiyohiyo, naandika jibu kwa kirefu.

CSL ilizaliwa kwa ajili ya mashindano. BMW ilichukua kupe yake ya CS (gari la milango miwili), ambayo bodi yake ilitengenezwa na kampuni ya Karmann, ikaipunguza uzito wa karibu kilo 200: milango na boneti za alumini, bati jembamba zaidi, na kwa magari ya usukani wa kushoto, madirisha ya pembeni ya pleksiglasi, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Dereva Toine Hezemans akatwaa nalo ubingwa wa Ulaya wa magari ya aina hiyo mwaka 1973, na mwaka 1975 likashinda mashindano ya saa 12 ya Sebring kule Marekani. Historia hiyo ndiyo inayopandisha bei, na ndiyo inayowavutia wanaogeuza CS ya kawaida iwe "CSL".

Zilitengenezwa 1,265 tu. Za mwanzo ni 169, za kabureta, injini ya cc 2,985. Kundi kubwa ni 929, zenye mfumo wa Bosch wa kupuliza mafuta na injini ya cc 3,003. Humo 500 ni za usukani wa kulia zilizokwenda Uingereza na 429 ni za usukani wa kushoto. Za mwisho ni 167, injini ya cc 3,153, nguvu farasi 206. Hizo za mwisho ndizo zilizokuja na mapezi juu ya madigadi na bawa kubwa la nyuma, bawa ambalo lilikabidhiwa ndani ya buti kwa sababu sheria ya barabarani ya Ujerumani haikuliruhusu. Watu huziita Batmobile.

Sasa namba za chesisi. Za kabureta zinaanzia 2211001 hadi 2211169. Za kupuliza mafuta za usukani wa kushoto ni 2275001 hadi 2275429. Za Uingereza ni 2285001 hadi 2285500. Batmobile za kwanza zinaanzia 2275430, na za baadaye zinaanza na 4355. Gari la msomaji wetu, kama ni la Uingereza kweli, lazima liwe ndani ya zile 500. Likiwa na namba nyingine, usiendelee kujadiliana, hata likiwa na bawa la nyuma, viti vya kimashindano vya Scheel na nembo zote. Vitu hivyo vyote vinauzwa madukani.

Namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma chini ya boneti, na ipo tena kwenye kibao. Iangalie kwa tochi ukiwa umeinama, mwanga upite kando. Tafuta alama ya kuchomelea kuzunguka kipande chenye namba, tarakimu zisizokaa mstari mmoja, au rangi nene mahali hapo tu. Kisha nenda kwenye injini: namba imegongwa kwenye bloku, juu ya stata. Kwa BMW za enzi hizo namba ya injini ilikuwa ileile ya chesisi. Zisipolingana, gari bado linaweza kuwa CSL halali, ila injini imebadilishwa, na hilo lishushe bei. Mwisho, peleka namba kwa kitengo cha kumbukumbu cha BMW kule München uombe maelezo ya gari lilivyotoka kiwandani: tarehe, rangi, lilikopelekwa. Muuzaji anayekataa kukupa namba kamili kabla hujasafiri, achana naye.

Kwenye bodi, nenda na vitu viwili: sumaku ndogo uliyoifunga kitambaa laini, na kipima unene wa rangi kinachosoma chuma na alumini. Vile vya bei rahisi husoma chuma tu, na kwenye mlango wa CSL havikuambii kitu. Sumaku isishike uso wa mlango wala boneti. Ikishika mlango, hiyo ni ngozi ya chuma. Hapa usiwe mwepesi kuhukumu: baada ya ajali wengi waliweka milango ya CS kwa kuwa ilikuwa rahisi kupatikana, kwa hiyo mlango wa chuma ni hoja ya bei kabla ya kuwa hoja ya uhalisia. Kipimo kikionyesha maikroni 100 hadi 150, rangi haijaongezwa kitu. 200 hadi 300 ni rangi ya pili. Ukiona 1,000 na zaidi, chini yake kuna filla (lahamu ya kujazia mabonde), na wewe unataka kujua filla hiyo inaficha nini.

Mara nyingi inaficha kutu, na hapa ndipo pesa za watu zinapopotelea. Kupe hii haina nguzo ya katikati kati ya mlango na dirisha la nyuma. Nguvu ya gari inabebwa na mihimili ya chini ya milango, na kila mhimili ni tabaka za bati zilizochomelewa pamoja. Maji yakiingia, yanakaa katikati na kula kuanzia ndani. Fundi mvivu anabandika bati jipya la nje juu ya la ndani lililooza, anapaka rangi, picha zinatoka nzuri. Fanya hivi: pima uwazi kati ya ukingo wa nyuma wa mlango na bodi, gari likiwa chini. Weka jeki kwenye sehemu yake ya nyuma, inua hadi gurudumu liachane na ardhi, pima tena, kisha fungua na ufunge mlango. Uwazi ukibadilika milimita mbili tatu, au mlango ukianza kukwaruza, mhimili umekwisha. Halafu pitisha kamera ndogo ya waya kwenye tundu la kutolea maji uone tabaka la ndani kwa macho yako.

Baada ya hapo ingia chini ya madigadi ya mbele na taa. Angalia kutoka upande wa gurudumu, kwa sababu ukifungua boneti sehemu ya juu ya shokapu inaweza kuonekana safi huku tope la miaka limeila kwa chini. Gusa nyuma ya digadi, pale nguzo ya kioo cha mbele inapokutana na mhimili. Nyuma, inua zulia la buti, toa tairi la spea, angalia kisima chake na pembe za sakafu, kisha ukingo wa matao ya magurudumu. Kwenye milango ya CSL kuna tatizo la ziada: ngozi ya alumini imekunjiwa kwenye fremu ya chuma, na metali hizo mbili zikilowa pamoja alumini inaliwa. Utaona malengelenge ya rangi kwenye ukingo wa chini, na ukiyabonyeza unga mweupe unatoka. Kwa mkusanyaji wa Mombasa, Tanga au Zanzibar, unyevu wa chumvi unaharakisha jambo hili mara nyingi zaidi kuliko barabara ya vumbi, basi gari likae ndani ya chumba kikavu.

Dai picha za ukarabati zinazoonyesha chuma kitupu, mihimili ikiwa imefunguliwa, pamoja na risiti zenye namba ya gari. Bila hizo, neno "imekarabatiwa" maana yake imepakwa rangi.

Injini ni habari njema zaidi. Ni ya silinda sita, bloku ya chuma na hedi ya alumini, ngumu kama itapozwa ipasavyo. Ikichemka hedi inapasuka. Na hapa naomba mafundi wetu wanisikilize: ule mtindo wa kung'oa themostati (vali inayofungulia maji ya moto njia ya kwenda kwenye rejeta) "ili injini ipoe" unaiua injini hii. Themostati yake inafanya kazi ya pili ya kuziba njia ya mkato. Ukiitoa, sehemu ya maji inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Weka themostati mpya, mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa maji safi na kemikali ya kupoozea inayofaa alumini, ubadilishe kila miaka miwili, na unapojaza acha hita wazi hadi mwisho ili hewa itoke.

Ukisikia mlio wa kugonga juu, fungua kava ya valvu. Kuna bomba jembamba linalomwagia mafuta kamshafti, yaani fito inayofungua valvu, limeshikwa na boliti zenye tundu ndani. Boliti hizo hulegea, mafuta hayafiki, na kamshafti inaliwa hadi inakuwa na vishimo. Ukizikaza, tumia washa (pete za kuzibia) mpya. Pima mgandamizo: silinda zisitofautiane zaidi ya baa moja.

Moshi mweusi kwenye gari la kupuliza mafuta mara nyingi hutoka kwenye kihisi cha mgandamizo wa hewa cha Bosch. Ngozi nyembamba iliyo ndani yake hupasuka, na injini inapewa mafuta mengi kupita kiasi. Kijaribu kwa pampu ya mkono ya kuvuta hewa, kisiposhikilia, kimekwisha. Kabla ya hapo hakikisha mgandamizo wa petroli uko karibu baa 2, usije ukalaumu kihisi kwa kosa la pampu.

Ukiridhika, weka kwenye mkataba namba ya chesisi, namba ya injini, na orodha ya kila kipande cha CSL kilichopo, hata kilichomo kwenye maboksi: mapezi, bawa, viti, madirisha ya pleksiglasi. Amana iwe ya kurudishwa endapo ukaguzi wa gari likiwa juu ya lifti utaonyesha tofauti na orodha hiyo, na ukaguzi huo ufanywe na fundi uliyemchagua wewe.