Mdau, hayo mahubiri ya 1740 usiyaguse kwanza

Simama hapo hapo. Umesema umepewa mahubiri ya Kiingereza ya mwaka 1740 uyatie Kiswahili, umeyapitia ukaona maneno karibu yote unayajua, magumu kama kumi hivi umeyapigia mstari, sasa unauliza uchaji shilingi ngapi kwa ukurasa na kama wiki mbili zinatosha. Hayo kumi hayana shida, yatakupeleka yenyewe kwenye kamusi. Yatakayokuangusha ni yale ambayo hukuyapigia mstari.

Mimi niliangushwa na "prevent". Neno ambalo mtoto wa sekondari analijua, liko mpaka kwenye mabango ya malaria. Familia moja ya Kianglikana ilikuwa inafanya jubilei ya miaka 50 ya ndoa ya wazee wao, wana kitabu cha sala cha babu yao, Kiingereza kile cha mwaka 1662, wakachagua sala sita nizitafsiri ziingie kwenye kijitabu cha ibada. Moja inaanza "Prevent us, O Lord, in all our doings". Nikaandika "Utuzuie, ee Bwana, katika matendo yetu yote".

Na mkono ulisita, nakumbuka kabisa, kwa sababu sala inaendelea kusema afanye hivyo kwa neema yake, halafu inamwomba atuendeleze kwa msaada wake wa siku zote. Sasa anatuzuia au anatuendeleza? Badala ya kurudi kwenye neno nikaanza kulitetea, nikajiambia aah watu wa zamani walikuwa wanyenyekevu, wanamaanisha utuzuie tusitende mabaya, nikachomeka "mabaya", nikaisoma, nikaifuta kwa sababu kwenye Kiingereza haipo, nikaacha "utuzuie" peke yake nikaenda kulala. Kosa lote liko hapo mdau. Ukiona unachomeka neno lako ili sentensi ya mtu isimame, jua kuna neno ndani yake umelisoma kwa maana ya leo.

Siku ya ibada akapewa shangazi asome, mama mtu mzima, mwalimu mstaafu. Akavaa miwani, akasoma "Utuzuie, ee Bwana", akanyamaza. Akasogeza kijitabu karibu na macho akarudia polepole, kama mtu anayedhani amekosea yeye. Mbele yake wamekaa wazee wawili na keki yao, na kanisa zima linamwomba Mungu afunge breki kwenye kila wanachofanya. Watu wakaanza kuangaliana. Mchungaji akainuka akasema "ututangulie", akaimalizia kwa kichwa.

Ututangulie. Basi ndiyo hiyo. "Prevent" ni Kilatini, asili yake ni kuja mbele, kutangulia. Anayekutangulia njiani anaweza kukufungulia njia na anaweza kukuzibia, na Kiingereza cha leo kimebaki na kuziba tu. Na usije ukaniambia wewe ungeshtuka, nimewapa ile sentensi watu wanne wenye digrii za lugha na wanne wote wameandika "utuzuie".

Nakala 250 zilikuwa zimeshachapwa, 3,000 kila moja. Familia walitaka nyingine safi za kuwapelekea ndugu ambao hawakufika, nikazilipia mimi, laki saba na nusu, na hela yangu ya kazi nikairudisha. Hawakunitukana hata kidogo na hilo ndilo liliniuma zaidi.

Sasa aliyenipoteza. Kwenye kundi letu la watafsiri kulikuwa na mkongwe mmoja ambaye kila mgeni akiuliza maswali anamjibu "Kiingereza ni Kiingereza, neno unalolijua usilipotezee muda, pambana na usiyoyajua". Nimemsikia akilisema hilo miaka miwili, vijana wanaandika wanaweka kwenye ukuta. Ule ni ushauri wa kuua watu! Nilipompelekea ile sala alisema waliokosea ni waliotunga. Yaani watu wa 1662 walitakiwa wajue sisi tutakuja kulitumiaje neno lao?

Kanuni yangu ni moja tu mdau: kwenye maandishi ya zamani ogopa neno unalolijua. Mfano "let", leo ni kuruhusu. Lakini kwenye Biblia ya Kiingereza ya 1611 Paulo anawaambia Warumi kwamba mara nyingi alikusudia kwenda kwao "but was let hitherto", yaani alizuiwa, kinyume kabisa. Kile cha zamani bado kimejificha kwenye pasipoti za Uingereza, "without let or hindrance". Au "conversation", pale Petro anaposema waume wasioamini wavutwe na "conversation" ya wake zao bila neno. Ukiandika mazungumzo umekwisha, mazungumzo gani hayo yasiyo na neno? Ni mwenendo. Na "meat" ilikuwa chakula chochote, ndiyo maana ile "meat offering" ya Mambo ya Walawi ukiifungua unakuta unga, mafuta na ubani, nyama hakuna hata kipande. "Corn" ndiyo usiniambie, nimeona kwa macho yangu mtu kawapitisha wanafunzi wa Yesu kwenye shamba la mahindi, mahindi ambayo yalikuwa bado yako Amerika na yalikuja huku baada ya Columbus. Ni nafaka tu, wao walichuma masuke.

Kwani sisi wenyewe je? Mpe kijana maandishi ya kabla ya uhuru yenye neno "ujamaa", atakuletea vijiji na Azimio la Arusha wakati mwandishi alikuwa anaongelea undugu wa watu wa nyumba moja.

Kwa hiyo kamusi ya kwenye simu weka pembeni, hiyo inajua Kiingereza cha leo. Tafuta kamusi ya umri wa maandishi yako. Ya Samuel Johnson ilitoka 1755, miaka 15 tu baada ya mahubiri yako, iko bure mtandaoni, na kwenye "prevent" kitu cha kwanza anachokupa ni kutangulia. Maana ya kuzuia nayo anayo, maana kipindi hicho zote mbili zilikuwa zinatembea pamoja, kwa hiyo usije ukabadilisha kila mahali kwa pupa, utaharibu upande wa pili. Ukikwama kuna ile kubwa ya Oxford, walianza kuitoa vipande vipande 1884 wakamaliza 1928, kila maana ina mifano yenye mwaka wake, unaangalia mwaka wako neno lilikuwa limefika wapi.

Leo usitafsiri hata mstari mmoja. Chukua ukurasa wa kwanza, piga mstari chini ya kila neno unalolijua, ndiyo, karibu ukurasa mzima utakuwa na wino, anza kuyafungua moja moja. Yenye "prevent", "let" na "conversation" nakili sentensi nzima uiweke hapa kama ilivyo. Usiku nitakuwepo.