Beki wa lakrosi akistaafu, tunampimaje?

SWALI: Mhariri habari za leo. Mi huwa naangalia lakrosi ya Marekani (ule mchezo wa fimbo zenye wavu wa kudakia na kurushia mpira) kwenye intaneti, nawapenda sana mabeki wale wenye fimbo ndefu. Lakini wakistaafu naona watu wanahesabu magoli ya washambuliaji tu. Beki tunampimaje? Na hela alipata?

JIBU: Asante msomaji wetu, jambo hili hata mimi linaniuma. Beki mpime kwa alivyomkosesha raha mtu wake. Mshambuliaji anakuja na fimbo ya inchi 40 hadi 42, fimbo ya beki inaanzia inchi 52 na inaweza kufika 72, hakurupuki, anachezesha miguu tu huku anamsukumia jamaa pembeni mbali na goli, na mkono wa jamaa ukilegea kidogo anaigonga fimbo yake, mpira unadondoka na yeye ndo wa kwanza kuuokota. Mipira ya hivyo inahesabiwa, sawa, ila siku ambayo mtu wake hakupasiwa kabisa kwa sababu wenzake waliogopa, hiyo haiandikwi popote, na kwangu mimi hapo ndo ubeki wenyewe.

Mwangalie Dave Pietramala. Bingwa wa vyuo vikuu vya Marekani na chuo cha Johns Hopkins 1987, na 1989 akachaguliwa mchezaji bora wa vyuo, beki jamani, sio mfungaji! 1990 akabeba ubingwa wa dunia na Marekani kule Perth, Australia, akacheza ligi ya kulipwa ya lakrosi ya ndani ya ukumbi na Pittsburgh Bulls, kisha akarudi Hopkins kama kocha na kuchukua ubingwa 2005 na 2007.

Hela ilikuwa ndogo. Enzi za MLL, ligi ya kulipwa ya uwanja wa nje Marekani, 2001 mpaka 2020, wengi walikuwa na ajira zingine wiki nzima, wikiendi ndo wanapanda ndege kwenda mechi. Ligi mpya ya PLL ilipoanza 2019 ikaja na malipo bora na bima ya afya, ila waliostaafu mapema hawakuyaonja.

Kinachonisikitisha zaidi, Olimpiki ya Los Angeles 2028 lakrosi inarudi kwa mtindo wa watu 6 kila upande, na huko fimbo ndefu hairuhusiwi. Kwahiyo hao mabeki wako endelea kuwaangalia kwenye ile ya watu 10, na ukiangalia usifuate mpira, mfuate beki mmoja robo nzima.